Mtoto wa darasa la tatu anayesoma kwa kuhifadhi: sisi wazazi tumsaidieje nyumbani?

Mama wa Konde, Pemba

Assalamu alaykum ndugu zangu wazazi na walimu.

Nina mtoto wa kiume wa miaka 9 anayesoma darasa la tatu katika skuli ya Serikali. Zamu yake ni ya asubuhi. Hurudi adhuhuri, akala, akasali, kisha akaenda chuoni kusoma Qur'ani mpaka baada ya Alasiri, na jioni hucheza mpira na wenzake mpaka Magharibi. Ni mtoto mwenye akili na adabu. Sehemu kubwa ya Juzuu Amma ameihifadhi, na akitumwa dukani hurudi na chenji kamili bila ya kuandikiwa chochote.

Wasiwasi wangu ni juu ya kusoma. Kitabu chake cha Kiswahili hukisoma haraka, kwa sauti nzuri, kama mtu anayelijua kila neno. Wiki iliyopita niliifunika picha kwa kiganja, nikaweka kidole kwenye neno moja la katikati ya ukurasa, akanyamaza kabisa. Nikamwonesha sentensi iliyoandikwa "Asha anatoka sokoni", naye akasoma "Asha anakwenda sokoni". Nilipomwambia atazame vizuri, alirudi juu ya ukurasa, akausoma wote upya mpaka akafika pale pale, na akasema vile vile. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba ukurasa ameuhifadhi kwa kuwasikia wenzake wakisoma kwa pamoja darasani, na kwamba macho yake hayafuati maandishi.

Nilimwendea mwalimu wake, akanipokea vizuri, akanieleza kwamba watoto ni wengi mno kiasi cha kuwa hawezi kumsikiliza kila mmoja peke yake kila siku, na akaniomba nimsaidie nyumbani. Niliondoka nikiwa nimeridhika na moyo wake, lakini sikuwa nimepata njia. Mimi niliacha skuli kidato cha pili, na baba yake yuko Unguja kwa kazi za ujenzi. Nyumbani nipo mimi, mama mkwe wangu ambaye hakupata kusoma skuli, dada yake aliye darasa la sita na mdogo wao anayeanza darasa la kwanza. Majirani wananishauri nimpeleke tuisheni jioni, nami naona siku yake imekwisha kujaa.

Ninachokiomba kwenu ni kuelezwa namna ya kuanza, muda unaofaa kwa siku, na kama kweli mzazi mwenye elimu ndogo kama yangu anaweza kumtoa mtoto hapa alipo. Sitaki nimfundishe kitu kwa namna itakayompinga mwalimu wake.

Mwalimu mstaafu, Chake Chake

Waalaykum salaam mwanangu. Sehemu kubwa ya utumishi wangu nilisomesha madarasa ya chini, na mtoto unayemweleza namfahamu ingawa sijamuona, kwa sababu sikumbuki darasa lililokosa mtoto wa namna yake. Aghlabu ni watoto werevu. Asiyejua kusoma na pia hana hifdhi hujulikana mapema, akasaidiwa. Huyu wako masikio yake yamemfikisha darasa la tatu bila ya mtu kumshuku. Umefanya jambo kubwa kuifunika ile picha.

Elimu yako inatosha, tena inazidi. Anayehitajika nyumbani ni msikilizaji anayejua kusoma Kiswahili na mwenye subira ya robo saa kila siku, na wewe uko hivyo. Lugha yetu nayo inakusaidia, kwa kuwa huandikwa kama inavyotamkwa: irabu ni 5 tu, kila moja ina sauti yake isiyobadilika, na mtoto aliyezishika silabi anaweza kulisoma hata neno ambalo hajapata kulisikia maishani mwake. Kwa hivyo mtoto anayesitasita katika kusoma Kiswahili mara nyingi amekwama kwenye silabi fulani zinazoweza kutajwa moja moja, na kazi ya kwanza ni kuzijua ni zipi.

Chukua boksi la biskuti au la sabuni, ulikate vipande vidogo, na katika kila kipande uandike silabi moja kwa herufi ndogo za kuchapa. Anza na zile nyepesi, kama vile ba, ke, mi, so, tu. Kisha ziingie zile zenye herufi mbili mwanzoni: cha, she, dhi, tho, ghu, nya, mba, ndo, nje, ngu, ng'o, kwa, mwe, bwi. Mwisho kabisa uweke nzito, kama mbwa, ngwe, nywa. Vichanganye vizuri kabla ya kumwonesha. Ukimpangia ba, be, bi, bo, bu kwa mpangilio, ataziimba zote bila ya kutazama hata moja, na utarudi kule kule kwenye hifdhi. Anayoisoma bila ya kusita iweke upande mmoja, na inayomshinda iweke upande wa pili, bila ya kumkemea wala kumsifu kupita kiasi. Lile fungu la pili ndilo litakalokuwa somo lenu, silabi mbili au tatu kwa siku, na zilizokwisha kushikwa hupitiwa tena siku ya pili kabla ya kuongeza nyengine.

Sasa nije kwenye "anatoka" na "anakwenda", maana hapo pana jambo ambalo wazazi wengi hawalioni. Mtoto anayebahatisha hutazama mwanzo wa neno, kisha akaumalizia mwenyewe kwa kufuata maana. Katika Kiswahili mwanzo wa neno haumtoshi, kwa sababu vitendo vyetu vingi huanza kwa sura moja na maana hukaa katikati au mwishoni. Mwandikie katika daftari, neno moja chini ya jengine: anafika, amefika, alifika, atafika, hajafika. Msome pamoja polepole, ukivuta kidole chini ya kila silabi, kisha umuulize ni lipi la jana, ni lipi la kesho, na ni yupi ambaye bado tunamngoja. Mtoto huona kwa macho yake kwamba silabi moja tu ndiyo iliyomhamisha mtu kutoka jana hadi kesho, na baada ya hapo hupata sababu ya kutazama neno zima. Siku ya pili mpe anatoka, anasoma, analala, anacheka. Hapo mwanzo wote ni mmoja, na hana budi afike mwisho wa neno ndipo ajue mtu anafanya nini.

Baada ya silabi na maneno huja kusoma kitabu chenyewe, na hiki kisikose hata siku moja, japo kwa ukurasa mmoja. Kaa naye ubavu kwa ubavu, kitabu kiwe mbele yenu nyote wawili, asome kwa sauti. Akikwama, nyamaza na uhesabu kimoyomoyo mpaka tano, kwa kuwa sisi watu wazima tuna haraka ya kumtajia mtoto neno naye akazoea kungoja atajiwe. Akiwa bado hakuliweza, funika nusu ya neno kwa kidole asome kipande kimoja, kisha ufunue kilichobaki. Likimshinda kabisa, mtajie, aendelee mbele, halafu mulirudie mwisho wa ukurasa. Ukurasa ule ule ausome mara mbili au tatu siku hiyo hiyo. Mara ya kwanza atapambana na maneno, na mara ya tatu utasikia sauti yake imetulia na anaanza kupumua kwenye nukta. Ukiona kila mstari una maneno matatu au zaidi yanayomshinda, kitabu hicho ni kizito kwake kwa sasa. Tafuta cha darasa la kwanza au la pili. Ili asione haya, mwambie amsomee mdogo wake. Hapo anakuwa mkubwa anayemsomea mtoto, na kitabu chepesi kinapata heshima yake.

Kitabu kikifungwa, zungumzeni juu ya kilichosomwa. Maswali ya "nani" na "wapi" ni mepesi, mtoto hujibu hata kama hakufahamu. Muulize kwa nini Asha alichelewa, na angelikuwa yeye angelifanya nini. Hapa ndipo mama mkwe wako anapoingia, na nakusihi usimuweke pembeni kwa kuwa hakusoma skuli. Bibi anayetoa hadithi baada ya chakula, akawafanya watoto waitikie "Pakawa", na anayewategea vitendawili, anawajengea maneno mengi na uwezo wa kufuata kisa kutoka mwanzo hadi mwisho. Mtoto aliyekwisha kufumbua "Kuku wangu katagia mibani" amefikiri kwa bidii mpaka akalipata nanasi, na kufikiri huko huko ndiko anakotakiwa akutumie kwenye kitabu. Baadae mwambie aiandike ile hadithi ya bibi, japo kwa sentensi tatu, kisha amsomee bibi mwenyewe.

Kuhusu dada yake wa darasa la sita, ni msaidizi mzuri, ila mwekee mpaka ulio wazi. Amsikilize mdogo wake na amuulize maswali, lakini asishike kalamu ya mdogo wake. Zoezi lililojazwa na dada humdanganya mwalimu, na mwalimu akidanganyika anampandisha mtoto kwenye jambo ambalo hajalifikia.

Na bakora isikae karibu na kitabu. Mtoto anayeogopa hutazama uso wa mzazi akitafuta jawabu, wala hatazami maandishi.

Baba mvuvi, Mkoani

Namshukuru Mwalimu, na wewe dada yangu wa Konde nakupa pole kwa kubeba jambo hili huku mwenzio akiwa mbali. Napenda nizungumzie upande wa baba asiyekuwepo, kwa kuwa nami ni mtu wa dago. Hukaa kambini na wenzangu wiki kadhaa, nikarudi nyumbani mwezi ukiwa mkubwa.

Sisi tunatumia simu ya mama yao. Kila baada ya Magharibi binti yangu husoma ukurasa wake, mama akamrekodi kwa ujumbe wa sauti, akanitumia. Mtandao ukikubali naupata usiku ule ule. Ukikataa, hukusanyika, nikazisikiliza zote kwa pamoja. Mimi hujibu kwa sauti pia, na huwa simkosoi. Namuuliza swali juu ya alichokisoma, swali ambalo hawezi kunijibu ila arudi kitabuni. Siku moja alisoma habari ya mtu aliyepanda mbaazi, nikamuuliza yule mtu aliziuza au alizila. Alinijibu kwa kunisomea mstari ule ule uliosema, na akauvuta kwa fakhari kabisa. Jambo hili halimpi baba kazi kubwa, nalo linamfanya mtoto ajue kwamba anasikilizwa na watu wawili.

Nyengine ni maandishi yaliyotuzunguka. Bandarini kila chombo kina jina lake, na gari za abiria zimeandikwa maneno mbele na nyuma. Nikiwapo nyumbani natembea naye, namwambia anisomee. Maneno hayo hakuna aliyeyahifadhi darasani, kwa hivyo hapo hana pa kujificha, na yeye huona ni mchezo. Mfuko wa unga, paketi ya majani ya chai, karatasi iliyobandikwa kwa sheha, vyote vinasomeka.

Mzazi, Mwanakwerekwe, Unguja

Naomba niitetee kidogo tuisheni, kwa kuwa wapo wazazi wanaoiona kama ni kupoteza pesa. Mwanangu wa kike alikuwa na hali iliyo karibu na hii, na sisi wazazi wote wawili tunatoka nyumbani alfajiri na tunarudi jioni tumechoka. Tulimpata kijana aliyemaliza chuo cha ualimu, akawa anakaa na watoto watatu tu barazani kwetu, na mtoto alibadilika. Kwa hiyo tusiwavunje moyo wazazi ambao kweli hawana muda, au ambao wenyewe hawajui kusoma. Kwao huyo kijana ni msaada mkubwa, na malipo yake si makubwa wakichangiana wazazi watatu.

Nakubali kwamba tuisheni za kukusanya watoto arubaini katika banda moja, wakanakili ubaoni kile kile walichokinakili skuli, hazimfai mtoto wa namna hii. Kabla ya kulipa, mzazi akae siku moja asikilize, ajionee kama mwanawe anapata zamu ya kusoma peke yake.

Muuguzi, Wete

Ndugu yetu wa Konde, fuata ushauri wa Mwalimu, lakini wakati huo huo mtazame mtoto kwa upande wa afya, kwa sababu huja wazazi kwetu baada ya kuhangaika mwaka mzima na masomo, kumbe mtoto haoni vizuri.

Mwangalie anaponakili ubaoni kama anakosea zaidi kuliko anaponakili kutoka kwenye kitabu, kama hukunja uso, hukisogeza kitabu karibu na pua, au huinamisha kichwa upande mmoja. Kwa upande wa masikio, mzungumzishe kwa sauti ya chini akiwa amekupa mgongo. Sikio linalotoa usaha mara kwa mara halipaswi kuachwa wala kutiwa mafuta ya nyumbani. Apelekwe hospitali, kwani mtoto asiyesikia vizuri hawezi kutofautisha sauti zinazokaribiana, na silabi kwake zitamchanganya kila siku. Dawa za minyoo na za kichocho zinapogaiwa skuli, hakikisha amezimeza. Mtoto mwenye minyoo mingi au anayekojoa damu kwa sababu ya kichocho hupungukiwa damu, akawa mchovu na mzito wa kufahamu, na watu wakadhani ni mvivu.

La mwisho ni usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku. Anayeamka kwa sala ya Alfajiri, akaenda skuli na chuoni, kisha akakaa mbele ya televisheni mpaka saa tano za usiku, hata akisomeshwa na nani hatashika kitu. Kwa ratiba uliyoieleza, nami naona tuisheni ya jioni itamla usingizi wake.

Maalim wa chuo, Micheweni

Assalamu alaykum. Nimeona nichangie kwa kuwa mtoto huyu ana walimu wa pande mbili, na mara nyingi hatuzungumzi.

Wengine watasema kwamba hifdhi ya chuoni ndiyo iliyomharibu, na naomba asifahamike hivyo. Hifdhi ni neema, na mtoto mwenye uwezo wa kuhifadhi ana kifua kipana cha kuwekea maneno. Lakini hata chuoni tuna kuhifadhi na tuna kusoma, na ni mambo mawili. Mtoto anayesoma kwa hijai, akaitaja herufi na irabu yake kisha akaziunganisha, anafanya kazi ile ile anayoieleza Mwalimu kuhusu silabi. Mama yake amuulize Maalim wake kama mtoto anaijua hijai au naye huko anaitikia tu na wenzake. Akiwa chuoni anaunganisha herufi vizuri, basi uwezo anao, na kilichobaki ni kumwonesha kwamba maandishi ya skuli nayo yanataka afanye vivyo hivyo, ila huku anatoka kushoto kwenda kulia.

Tena, mama asisite kuniomba mimi au mwenzangu yeyote muda. Chuoni kwangu tunapumzika Alhamisi na Ijumaa, na mzazi akinieleza kwamba mtoto ana shida ya skuli, namruhusu atoke mapema siku moja katika wiki. Maalim wengi watakubali wakielezwa mapema.

Mama wa Konde, Pemba

Shikamoo Mwalimu wangu, na nyote ahsanteni sana. Nimeshaanza. Vipande vya boksi vimenionesha kwamba silabi nyepesi anazijua zote, na zinazomshinda ni za mb, nj, ng', mw na kw, pamoja na dh na th ambazo anazichanganya. Macho yake nimeyaangalia na sikuona dalili mbaya, hata hivyo nitampeleka apimwe. Bibi yake amefurahi sana kupewa kazi, na vitendawili sasa haviishi. Baba yake pia nimemweleza habari ya ujumbe wa sauti, na jana alisikiliza ukurasa wa kwanza.

Nina mambo mawili yaliyobaki. Kwanza ni hesabu. Kujumlisha anaweza, lakini katika kutoa aliandika kwamba 52 kutoa 27 ni 35, na nilipomuonesha njia ya kukopa niliyoijua mimi, alinifuata bila ya kufahamu. Pili, msimu wa karafuu ukifika sote tunakuwa mashambani mpaka jioni, na usiku kuna kuchambua. Naogopa kwamba alichokipata kitapotea. Na bado darasa la tano halijafika na Kiingereza chake.

Mwalimu mstaafu, Chake Chake

Marahaba mwanangu, na Mungu akubariki kwa hima hiyo.

Hilo kosa la 35 lina sababu yake. Ameona 2 na 7, akajua kwamba 7 haitoki katika 2, basi akageuza akatoa 2 katika 7 akapata 5. Kwa hivyo kutoa anajua. Asichokijua ni kwamba ile 5 ya mbele ni makumi matano. Usimfundishe kukopa kwa maneno. Vunja vijiti vya ufagio wa chelewa, mwambie ahesabu vijiti kumi kumi na afunge kila kumi kwa uzi au ukindu. Mbele yake viwepo vifurushi vitano na vijiti viwili, hiyo ndiyo 52. Mwambie akupe 27. Atatoa vifurushi viwili bila ya tabu, kisha atakwama kwenye 7 kwa kuwa ana vijiti viwili tu. Usiseme neno. Mngoje mpaka mwenyewe afikirie kufungua kifurushi kimoja, na akikifungua atakuwa na vijiti 12; atakupa 7 na vitabaki 5, na vifurushi vilivyobaki ni viwili. Afanye hivyo kwa hesabu nyengine chache, ndipo aandike kwenye daftari kile ambacho mikono yake imekwisha kukifanya. Alama ndogo tunayoiandika juu ya tarakimu wakati wa kukopa itakuwa na maana kwake, kwa sababu ni kile kifurushi kilichofunguliwa.

Karafuu nazo usizihofu kiasi hicho, mradi asikoseshwe skuli. Hilo nalisema kwa msisitizo, kwa kuwa kila msimu madarasa yetu hupungua watoto, na mtoto wa aina ya mwanao akikosa wiki mbili za silabi hurudi mikono mitupu. Baada ya skuli, na siku za mapumziko, shambani kuna hesabu nyingi kuliko zilizomo kitabuni. Kibaba ni robo ya pishi, na vibaba viwili, yaani kisaga, ni nusu yake. Mpe kibaba na pishi apime mwenyewe, umuulize pishi tatu na nusu ni vibaba vingapi, na kama kila mchumaji analipwa kwa pishi, wachumaji wawili waliochuma pishi tano na pishi saba watalipwa kwa pishi ngapi kwa jumla. Mtoto aliyeijaza pishi kwa kibaba mara nne hatasumbuka na robo na nusu atakapozikuta kwenye kitabu. Daftari la wachumaji nalo liandikwe na yeye: jina la mtu, pishi alizochuma, na malipo yake. Usiku mnapochambua, mikono ina kazi lakini midomo iko wazi, basi akae karibu na taa awasomee nyinyi mnaochambua, badala ya nyinyi kumsomea yeye. Robo saa inatosha, kisha akalale.

Ama Kiingereza, Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006, ambayo pia ndiyo iliyopunguza elimu ya msingi kutoka miaka 7 hadi 6, ilielekeza hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Wazazi wengi wameingiwa na haraka kwa sababu hiyo, wakawaanzishia watoto kusoma Kiingereza kabla hawajasoma Kiswahili. Nakuomba usifanye hivyo kwa huyu. Herufi ni zile zile lakini sauti zake Kiingereza hubadilika kutoka neno hadi neno, na mtoto ambaye bado hajaziamini herufi atazidi kubahatisha. Kuzungumza na kusikiliza hakuna ubaya; ajifunze kuhesabu, kutaja viungo vya mwili na kusalimia. Lakini katika ile robo saa yenu kitabu kiwe cha Kiswahili mpaka asome ukurasa mgeni bila ya kusita. Na atakapofika darasa la tano, kila akirudi skuli mwambie akueleze somo la sayansi kwa Kiswahili. Hata wewe usipojua neno moja la Kiingereza, utajua mara moja kama amefahamu namna mmea unavyokunywa maji au amenakili tu.

Silabi ulizozitaja ni zile ninazozitarajia kwa watoto wengi. Anza na mb na nj, kwa maneno ya vitu anavyoviona: mboga, mbuzi, embe, njiwa, njugu, kunja. Kwa dh na th mwambie atazame mdomo wako na aweke kiganja kooni. Akisema "dhambi" atahisi koo linatetemeka, na akisema "thamani" halitatetemeka. Ng' iache mwisho.

Ukishamaliza wiki mbili, rudi kwa mwalimu wake, umkute wakati zamu ya asubuhi inatoka. Kichukue kile kifungu cha vipande vinavyomshinda bado, na mtoto awepo, avisome mbele yake. Mwalimu mwenye watoto wengi ukimuuliza kwa jumla mtoto anaendeleaje, jawabu atakayoweza kukupa ni ya jumla pia. Ukimuonesha vipande sita vya boksi, anajua amkalishe wapi na amwite asome sentensi ipi.